Bando linaisha, diski C inajaa: namna ya kumkamata mlaji kwenye laptopu ya Windows

Malalamiko haya mawili huja pamoja mara nyingi. Bando la gigabaiti 10 limenunuliwa asubuhi na jioni halipo, na ukifungua This PC unakuta mstari wa diski C umegeuka mwekundu, yaani nafasi iliyobaki haifiki asilimia 10. Wengi hukimbilia kufuta picha au kuweka programu ya "kusafisha kompyuta". Picha ziache kwanza, na hizo programu za kusafisha zisahau kabisa, maana nyingi ni mlaji mwingine unayemkaribisha mwenyewe.

Kabla ya kufuta chochote, tafuta jibu la swali moja: je, data na nafasi ya diski vinapungua kwa pamoja na kwa kiasi kinachokaribiana? Asubuhi andika nafasi iliyo wazi kwenye C na kipimo cha data, jioni linganisha. Kama data zimekwenda gigabaiti 6 na diski imepungua 5 hivi, kuna kitu kinapakuliwa na kuwekwa. Kama data zimekwenda na diski haijasogea, kinachokula kinapita tu: video, mafaili yanayopandishwa mtandaoni, mtu mwingine kwenye hotspoti yako. Kama diski imepungua na data hazijaguswa, Windows yenyewe ndiyo inayoandika, na hapo kuhangaika na mipangilio ya mtandao ni kupoteza muda.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyoonekana kwenye kioo cha kompyuta nyingi.

## Hakikisha kwanza kuwa mkosaji ni laptopu

Simu inayotoa hotspoti nayo ina ulaji wake. Kwenye Android fungua ukurasa wa matumizi ya data. Hotspoti ina mstari wake peke yake, mbali na WhatsApp au YouTube ya simu. Mstari huo ukionyesha megabaiti 300 wakati jumla ya siku ni gigabaiti 4, laptopu haina kosa. Angalia nakala rudufu ya WhatsApp na ya picha inayopanda usiku kutoka kwenye simu.

Ukiwa na MiFi au rauta, fungua kivinjari uandike anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya kifaa (192.168.8.1 kwa nyingi za Huawei, 192.168.0.1 au 192.168.1.1 kwa nyinginezo), kisha soma orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Usiseme "ni simu moja tu ya mdogo wangu." Simu iliyoshika hotspoti yako inajua kuwa imepata waifai, na simu nyingi zimepangwa kusasisha programu na kupandisha picha pale tu zinapopata waifai. Mzigo uliokuwa unasubiri wiki nzima unaanza kushuka na kupanda dakika hiyohiyo. Badilisha nywila, unganisha laptopu peke yake, halafu pima.

Kipimo chenyewe ni cha nusu saa. Funga programu zote, soma kipimo cha hotspoti, iache laptopu ikiwa imewaka na imeunganishwa kwa dakika 30, soma tena. Windows iliyotulia haikosi kutumia kidogo kwa ajili ya saini za virusi za Defender (kinga ya virusi ya Windows), barua pepe na mengineyo. Ikivuka megabaiti 50 bila wewe kugusa kitu, kuna kazi inaendelea chini kwa chini. Usidharau mwendo mdogo: kilobaiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 360 kwa saa, na laptopu ikikesha siku nzima inafika gigabaiti 8.6.

## Kujua ni programu gani

Windows huweka kumbukumbu ya matumizi kwa kila programu. Kwenye Windows 11 nenda Settings, Network & internet, Advanced network settings, kisha Data usage. Kwenye Windows 10 ni Settings, Network & Internet, halafu Data usage upande wa Status. Chagua mtandao husika juu ya ukurasa, kwa sababu waifai na Ethernet (mtandao wa waya) huhesabiwa mbalimbali. Ukurasa huu unakuambia nani amekula kwa siku 30. Hauwezi kukuambia amekula saa ngapi. Kwa hilo kuna NetworkUsageView ya NirSoft, programu ndogo ya bure inayosoma kumbukumbu ileile (faili la C:\Windows\System32\sru\SRUDB.dat) na kuipanga kwa saa. Ukiona gigabaiti 2 zimekwenda saa nane usiku wakati umelala, swali limeshapata nusu ya jibu.

Kuona kinachotokea sasa hivi, bonyeza Windows+R, andika resmon, fungua Network, kisha bofya kichwa cha safu ya Total ili mlaji mkubwa apande juu. Tumia hiki badala ya Task Manager unapotaka kuhesabu, kwa sababu Task Manager huonyesha mtandao kwa megabiti na Resource Monitor kwa baiti. Mbps 1 inayoonekana ndogo kwenye Task Manager ni megabaiti 450 kwa saa. Angalia pia safu ya Send: ikiwa kubwa kuliko Receive, laptopu yako inapandisha, haipakui, na orodha ya watuhumiwa inakuwa fupi sana.

Jina litakalokukera ni svchost.exe. Hilo ni ganda linalobeba huduma za Windows, na lenyewe halikuambii kitu. Soma namba yake ya PID kwenye Resource Monitor, kisha fungua Command Prompt kama msimamizi (andika cmd kwenye menyu ya Start, bofya kulia, Run as administrator) na uandike:

tasklist /svc /fi "imagename eq svchost.exe"

Tafuta PID ileile. Kompyuta yenye RAM zaidi ya gigabaiti 3.5 huipa karibu kila huduma svchost yake, hivyo utapata jina moja badala ya kumi. DoSvc ni Delivery Optimization (huduma ya kugawana masasisho), wuauserv ni Windows Update, na BITS ni kibarua wa kupakua anayetumiwa na Windows na hata na programu za nje. Ikiwa ni BITS, muulize anambebea nani:

bitsadmin /list /allusers /verbose

Orodha itataja kazi, anwani inakotoka na mahali faili linakowekwa.

## Windows haijui kuwa unalipia kila megabaiti

Hiki ndicho chanzo cha kesi nyingi, na ajabu ni kwamba hakuna kilichoharibika. Kwa Windows, hotspoti ya simu ni waifai kama waifai ya ofisini: hupakua masasisho, hulandanisha OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft), husasisha programu za Microsoft Store, bila kuuliza. Wewe ndiye wa kuiambia kuwa muunganisho huo una kipimo.

Windows 11: Settings, Network & internet, Wi-Fi, bofya sehemu ya properties ya mtandao uliounganishwa, washa Metered connection. Windows 10: Settings, Network & Internet, Wi-Fi, Properties, washa Set as metered connection. Kisha ingia Windows Update, Advanced options, uhakikishe kuwa Download updates over metered connections imezimwa. Ikiwa imewashwa, yote uliyofanya juu hayahesabiki kwa upande wa masasisho.

Mambo matatu huwaangusha hata waliokwisha kuwasha swichi hii. La kwanza, imewekwa kwa mtandao mmoja tu. Ukibadilisha jina la hotspoti au kuazima simu nyingine, Windows inaona mtandao mpya na inaanza upya bila kipimo. La pili, waya wa USB. Ukiunga simu kwa waya, laptopu huiona kama Ethernet, si waifai, kwa hiyo lazima uende Settings, Network & internet, Ethernet, uwashe swichi ya huko nayo; na ukibadilisha simu, kagua tena. La tatu, swichi hii inaheshimiwa na Windows na OneDrive na baadhi ya programu tu. Telegram, Steam na vivinjari vina mipangilio yao na vingi havijali. Microsoft yenyewe pia hujiachia mlango wa sasisho la lazima kupita hata hapo.

Kwenye ukurasa wa Data usage kuna pia Enter limit. Iweke ukipenda, ila ujue kazi yake: inaonya, haikati.

## Vinapungua vyote viwili: sasisho linaloshindwa na kurudia

Hapa ndipo matatizo mawili yanapolishana. Diski ikijaa, sasisho linapakuliwa, linajaribu kujisakinisha, linakosa nafasi, linashindwa. Baada ya muda Windows inajaribu tena, na mara nyingine inapakua upya. Bando linakwisha, diski inabaki imejaa mabaki, na kwa sababu imejaa, sasisho linashindwa tena. Ukinunua bando kubwa zaidi unaulisha mzunguko huo tu.

Dalili yake ni rahisi kuthibitisha. Fungua Windows Update, kisha Update history. Ukiona namba ileile ya KB (utambulisho wa sasisho, si kilobaiti) ikiwa na maneno Failed to install kwa tarehe tatu au nne tofauti, umempata. Msimbo 0x80070070 maana yake ni nafasi ya diski haikutosha. Misimbo mingine huashiria mafaili yaliyoharibika.

Mpangilio wa kutibu ni muhimu kuliko amri zenyewe. Kwanza zuia upakuaji: washa kipimo kwenye mtandao, na kwenye Windows Update bonyeza Pause updates. Pili fungua nafasi kwa njia zilizo sehemu ya mwisho hapa chini. Sasisho la kila mwezi lipe angalau gigabaiti 10 zilizo wazi, na lile kubwa la mwaka lipe 20. Ndipo ufute mabaki. Kwenye Command Prompt ya msimamizi:

net stop wuauserv
net stop bits
net stop dosvc
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
net start bits
net start wuauserv

Amri ya ren ikikataa kwa kusema Access is denied, huduma mojawapo imeshajiwasha tena. Rudia zile za kusimamisha na ufuate na ren papo hapo bila kusubiri. Folda mpya itajengwa yenyewe. Hapa watu wengi husahau kitu kimoja kisha hulalamika kuwa nafasi haikurudi: folda ya .old bado iko pale na uzito wake wote. Washa kompyuta upya, hakikisha Windows Update inafunguka, ndipo uifute. Orodha ya Update history itaonekana tupu. Masasisho yaliyokwisha kusakinishwa hayajaguswa.

Ikiwa msimbo haukuwa wa nafasi, endesha sfc /scannow, inayokagua mafaili ya Windows, kisha

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Kumbuka kuwa hii ya pili huweza kuchota mafaili kutoka seva za Microsoft, kwa hiyo usiianze ukiwa na megabaiti 200 mkononi.

Penye kompyuta kadhaa na bando moja, kama ofisi ndogo, maabara ya shule au stashonari, njia ya akiba ni kupakua sasisho mara moja kutoka catalog.update.microsoft.com. Tafuta namba ya KB, chagua toleo linalolingana (x64 kwa laptopu nyingi, na toleo lilelile la Windows unaloliona ukiandika winver), pakua faili la .msu, zungusha kwa flashi. Masasisho ya kila mwezi ni ya kulimbikiza, hivyo la mwezi huu linabeba ya miezi iliyopita. Kwa Windows 11 24H2 katalogi huweza kukupa mafaili mawili kwa KB moja; pakua yote, uyaweke kwenye folda moja kabla ya kusakinisha.

## Vinapungua vyote viwili: walaji wasio Windows

OneDrive kwanza. Kwenye Windows 11 hukubali kwa urahisi sana, wakati wa kuwasha laptopu mpya, kubeba Desktop, Documents na Pictures zote. Akaunti ya bure ina gigabaiti 5, na video moja ya harusi ukiiweka Desktop inaanza kupanda. Bofya alama ya wingu karibu na saa, Settings, kisha Manage backup, uzime usichokitaka. Kupunguza nafasi, bofya kulia folda na uchague Free up space: mafaili yanabaki yakionekana kwa alama ya wingu lakini hayali diski. Usiyafute kwa Delete ukidhani unasafisha laptopu tu. Yatafutika na kule mtandaoni.

Google Drive ya kompyuta ina njia mbili, Stream na Mirror. Ya pili huleta kila kitu chini. Ikiwa Drive yako ina gigabaiti 15, zote zitashuka. Hamia Stream, na kumbuka kuwa hata hiyo huweka akiba kwenye %LOCALAPPDATA%\Google\DriveFS (njia kama hii ibandike kwenye upau wa anwani wa File Explorer).

Telegram ndiyo mlaji anayesahaulika kuliko wote. Mtu amejiunga na vituo vya filamu na vitabu, kila kinachotumwa kinashuka chenyewe. Ingia Settings, Advanced, Automatic media download, na uzime video na mafaili kwa makundi na vituo. Kisha Manage local storage, futa akiba na uweke ukomo wa gigabaiti 1 au 2. WhatsApp ya Windows nayo ina swichi zake za kupakua kiotomatiki; mafaili yake hukaa chini ya %LOCALAPPDATA%\Packages kwenye folda inayoanza na 5319275A.WhatsAppDesktop.

Mgeni wa karibuni ni Chrome. Toleo jipya huweza kupakua modeli ya akili unde ya kutumika ndani ya kompyuta, na uzito wake hufika gigabaiti kadhaa kwa mkupuo mmoja. Fungua %LOCALAPPDATA%\Google\Chrome\User Data uone kama kuna folda iitwayo OptGuideOnDeviceModel. Chrome huileta tu pale ambapo diski ina angalau gigabaiti 22 wazi na muunganisho hauna kipimo, na huiondoa yenyewe nafasi ikishuka chini ya gigabaiti 10. Ndiyo maana hutokea mtu akasafisha diski kwa bidii, akafurahi, na kesho yake gigabaiti zake zikawa zimemegwa. Kuifuta folda kwa mkono hakutoshi, itarudi. Andika chrome://flags kwenye upau wa anwani, tafuta optimization-guide-on-device-model, weka Disabled, funga na ufungue Chrome, ndipo ufute.

Steam na Epic Games husasisha michezo hata usiyoicheza. Zima sasisho la kiotomatiki kwa kila mchezo au zitoe kwenye orodha ya kuanza na Windows.

## Data zinakwisha, diski haisogei

Video ni jibu la kawaida, na halihitaji uchunguzi: saa moja ya 1080p ni gigabaiti 1.5 hadi 3, na YouTube hupandisha ubora yenyewe ikiona mtandao una kasi. Kwenye kompyuta weka 480p kwa mkono. Mikutano ya video nayo inakula pande zote mbili, na kuzima kamera yako kunapunguza upande wa kupandisha tu.

Ikiwa Send ndiyo kubwa, angalia Delivery Optimization. Kwenye Windows 11 iko Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization. Kazi yake ni kugawana masasisho kati ya kompyuta, na ikiwa imechaguliwa "Devices on the internet and my local network", laptopu yako inawapelekea watu usiowajua vipande vya masasisho kwa bando lako. Chagua mtandao wa ndani tu, au zima kabisa kama una kompyuta moja. Activity monitor ya ukurasa huohuo inaonyesha umepandisha kiasi gani mwezi huu.

Kama NetworkUsageView inaonyesha ulaji wakati kifuniko kimefungwa, andika powercfg /a. Ukiona Standby (S0 Low Power Idle) Network Connected, laptopu yako ni ya aina isiyolala kabisa. Inafumba macho huku mtandao ukiendelea. Amri powercfg /sleepstudy itakutengenezea ripoti ya nani alikuwa anaiamsha. Tiba ni kuzima hotspoti kabla ya kufunga kifuniko, au kuweka kifuniko kiite Hibernate (kazi zako huhifadhiwa kwenye diski na kompyuta huzimika) badala ya Sleep.

Halafu kuna VPN za bure na programu zilizovunjwa kufuli. Baadhi huuza muunganisho wako: trafiki ya watu wengine inapita kwenye laptopu yako, kwa bando lako, na ikionekana kama ni wewe. Mwezi Mei 2024 serikali ya Marekani ilivunja mtandao wa aina hii ulioitwa 911 S5, uliohusisha anwani za IP zaidi ya milioni 19 duniani, na ulisambazwa kwa VPN za bure kama MaskVPN, DewVPN, PaladinVPN, ProxyGate, ShieldVPN na ShineVPN. Ukiwa na mojawapo, iondoe leo. Dalili kwenye Resource Monitor ni programu moja yenye Send na Receive zinazokaribiana sana, muda wote, kwenda anwani nyingi zinazobadilikabadilika. Iondoe kwenye Apps, kisha fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, uchague Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima na kuwaka, na kazi huchukua kama dakika 15.

## Diski inapungua, data hazijaguswa

Weka WizTree, programu inayoonyesha ni mafaili na folda zipi zimechukua nafasi kubwa, na uiendeshe kama msimamizi. Inasoma jedwali la mafaili la NTFS moja kwa moja, kwa hiyo diski ya gigabaiti 256 inaisha kwa sekunde chache. Soma safu ya Allocated badala ya Size, kwa sababu mafaili ya OneDrive yaliyo mtandaoni tu huonyesha Size kubwa huku hayajachukua kitu. Na usishtuke kwamba diski ya 256 inaonekana 238: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows kwa 1024.

Ukikuta hiberfil.sys, hiyo ni ya Hibernate, na kwa kawaida ni asilimia 40 ya RAM: gigabaiti 3.2 kwa laptopu ya RAM 8, na 6.4 kwa ya 16. Kama huitumii, powercfg /h off itaifuta, ila Fast Startup (kuwaka haraka) nayo itakufa. Anayetaka kubaki na Fast Startup aandike powercfg /h /type reduced, itashuka nusu. Pagefile.sys, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM, iache; kuiondoa kwenye laptopu ya RAM 4 ni kutafuta programu zinazojifunga zenyewe.

Windows.old ni folda ya Windows yako ya awali; hutokea baada ya sasisho kubwa na hufutika yenyewe baada ya siku 10. Kuiwahi, bonyeza Windows+R, andika cleanmgr, chagua Clean up system files, weka alama kwenye Previous Windows installation(s). Soma orodha kabla ya kubonyeza OK: kwenye baadhi ya matoleo ya Windows 10 folda ya Downloads nayo imo, na kilichofutwa hapo hakipiti kwenye Recycle Bin.

C:\Windows\WinSxS, ghala la vipande vya Windows, inaonekana kubwa kuliko ilivyo kwa sababu mafaili yake mengi ni yaleyale ya System32 yakihesabiwa mara mbili. Usiifute kwa mkono kwa namna yoyote. Ukubwa wa kweli utaupata kwa

DISM /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore

na ikikuambia kusafisha kunapendekezwa, badilisha neno la mwisho liwe /StartComponentCleanup. Kuna wanaoongeza /ResetBase. Inaokoa kidogo zaidi lakini hutaweza tena kuondoa sasisho lililokwisha ingia. C:\Windows\Installer nayo usiiguse, hata WizTree ikikuonyesha gigabaiti 8 humo: ndimo programu zinamochukua mafaili ya kujirekebisha na kujiondoa.

Angalia pia folda ya System Volume Information, inayobeba nakala za System Restore, yaani za kuirudisha Windows ilivyokuwa. Zipime:

vssadmin list shadowstorage

Kisha uzipunguze, bila kuzima:

vssadmin resize shadowstorage /for=C: /on=C: /maxsize=5GB

Nakala za zamani zaidi ndizo zitakazoondoka.

Mwisho ni diski inayopungua kila siku, taratibu, bila kusimama, hata ukifuta. Hapo mtafute anayeandika: kwenye Resource Monitor fungua Disk, panga kwa Write, soma safu ya File. Ikiwa ni MEMORY.DMP au folda ya C:\Windows\LiveKernelReports, kompyuta inaanguka au dereva ina kasoro, na kufuta dampo (faili la kumbukumbu ya ajali hiyo) hakutaponya chochote mpaka dereva (mara nyingi ya picha au ya waifai) isasishwe. Kwenye mashine za Windows 7 ambazo bado ziko kazini kuna kasoro inayojulikana: kumbukumbu ya C:\Windows\Logs\CBS ikivuka gigabaiti 2, makecab (programu ya Windows ya kubana mafaili) inashindwa kuibana, inaacha faili lenye jina la cab_ ndani ya C:\Windows\Temp, na kurudia tena na tena. Ukifuta mafaili ya cab_ peke yake yatarudi kesho. Simamisha huduma kwa net stop trustedinstaller, futa mafaili ya CbsPersist yenye kiambishi .log kwenye folda ya CBS, ndipo ufute ya cab_ na uwashe kompyuta upya.